Mjerumani Niliyemzika Siku ya Kwanza Kazini

Siku yangu ya kwanza kazini nilimzika Mjerumani ambaye hakufia hapa, na sina hakika kama aliwahi hata kuzaliwa. Nilimzika mchana kweupe, mbele ya wageni wawili na dereva wao, bila sanda wala jeneza, kwa sentensi moja tu. Naliweka jambo hili mwanzoni kwa sababu ninyi wawili mnaorithi kazi yangu, Maulidi na Upendo wa kidato cha pili, mmeshalisikia mtaani kwa namna saba, na zote zinanionyesha mjinga kuliko nilivyokuwa. Nilikuwa mjinga, ndiyo, lakini kwa kiasi changu.

Halafu tumalizane na hili la kustaafu. Watu wa hapa Kivinje wanasema mwanafunzi wa kidato cha nne hastaafu, anafukuzwa. Bwana Sefu, mwenyekiti wa Kamati ya Jumba, anasema nimeondolewa kwa manufaa ya umma. Mimi nasema nimestaafu. Nimefagia kinyesi cha popo miaka mitatu, na mtu wa namna hiyo hatafutiwi neno jingine. Kuhusu kupanda cheo sina la kusimulia, maana cheo kilikuwa kimoja na nilikuwa nacho tangu asubuhi ya kwanza. Kuhusu mshahara, nilipewa kofia.

Kwa ambaye hajafika, Jumba la Juu si ile Boma ya pwani ambayo kila mtu anaijua. Hili liko nyuma ya mji, kwenye mwinuko, upande wa barabara ya kwenda Nangurukuru. Alilijenga Mjerumani wa mashamba ya pamba ambaye jina lake limepotea. Wazee wanamwita Bwana Mluzi, kwa kuwa watu alikuwa akiwaita kwa mluzi, kama mbwa. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba unaweza kulala dirishani ukajigeuza. Dari ni boriti za mikoko. Ngazi ya kwenda juu ni ya mbao, na daraja la tatu msilikanyage katikati. Kanyageni pembeni, upande wa ukuta, na mwambieni mgeni kabla, siyo baada.

Chumba kikubwa cha chini ni chekechea ya mama yangu. Mtaani anaitwa Mwalimu Zuhura, na nyumbani pia anaitwa Mwalimu Zuhura, isipokuwa nikiwa mgonjwa. Ana watoto ishirini na sita, mikeka sita, sufuria moja la uji, na ubao mweusi ulioegemezwa ukutani. Karibu na dirisha, katika chumba hicho hicho, lipo tuta la saruji. Urefu wake ni wa mtu mzima aliyelala, kimo chake ni nusu ya goti, na limepakwa niru ya chokaa mara nyingi hata pembe zake zimekuwa mviringo. Watoto walikuwa wakilirukia. Mama alikuwa akilikalia anapokuna nazi. Hakuna aliyejua ni kitu gani, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu katika jumba la zamani mtu huzoea vitu visivyo na sababu.

Kazi niliipata kwa haki kabisa. Kamati ilikuwa ikitafuta kijana mwenye Kiingereza wa kupokea wageni siku za Jumamosi na za likizo, na mama yangu ndiye aliyekuwa na ufunguo. Nilikuwa kidato cha kwanza. Kiingereza changu kilikuwa cha kujitambulisha na kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Jumamosi ya kwanza wakaja wazee wawili wa Kizungu, mume na mke, na dereva wao kutoka Masoko aliyekuwa akitafsiri. Nilikuwa nimekariri mambo matano: Mjerumani, pamba, matumbawe, mikoko, karibuni tena. Nikayamaliza kwa dakika nne. Yule mama akalionyesha tuta, akauliza ni nini.

Ningesema sijui. Maneno mawili hayo, Maulidi, yajifunze kwa Kiswahili, Kiingereza na Kijerumani, uyaweke mfukoni pamoja na tochi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne na kofia mpya. Nikasema ni kaburi la mwenye nyumba. Dereva akanitazama, akatafsiri. Yule mama akauliza jina. Nikasema Otto, maana ndilo jina pekee la Kijerumani nililokuwa nalo. Akauliza alikufa kwa nini. Nikasema homa, na upweke. Hilo la upweke sijui lilitoka wapi, lilikuja lenyewe. Yule mama akatoka nje, akachuma maua ya karatasi kwenye ua wa jirani, akayaweka juu ya tuta, akalia kidogo. Mumewe akavua kofia. Mimi nikavua yangu.

Jumatatu watoto waliyakuta maua wakayachezea, nami nikadhani yamekwisha. Sikujua kwamba dereva alikuwa ameshawaambia watu wote wa stendi.

Miaka miwili baada ya hapo ndiyo iliyonifunza kazi, na mwalimu wangu alikuwa Bi Somoe, jirani wa jumba, mwenye maua niliyokwisha kuyataja. Nilikwenda kumwomba radhi kwa ajili ya maua, akaniweka chini akanihoji mimi huwaambia wageni nini. Nikamsomea mambo yangu matano. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na waliobeba mawe?"

Nikasema wazungu hawaulizi hilo.

"Wewe ndiye mwenye mdomo, mjukuu wangu. Watauliza nini wakati umeshafunga mlango?"

Bibi yake Bi Somoe alikuwa mmoja wa waliobeba matumbawe kichwani kutoka ufukweni mpaka tanuri la chokaa. Aliota upara utosini, mviringo kama kisahani, na nywele hazikurudi mpaka anakufa. Baada ya Bwana Mluzi kuondoka na vita vyao, akaja Mwingereza wa kilimo, ambaye kumbukumbu yake pekee ni choo cha nje. Kisha mfanyabiashara mmoja akajaza vyumba vya chini ufuta na nta. Ukikaribia ukuta wa kaskazini siku za mvua, nta bado inanukia. Baada ya Uhuru likawa zahanati, na Bi Somoe alimzaa mtoto wake wa tatu katika chumba cha juu ambacho wageni huambiwa ni chumba cha kulala cha Mjerumani. Kisha likawa ghala la ushirika, likajaa korosho. Wakati huo wanawake waliishia barazani na mizigo yao, wapagazi ndio walioingia, kwa hiyo yaliyokuwa ndani Bi Somoe hakuyaona. Kisha likawa la popo. Kisha la mama yangu.

Hapo ndipo nilipoacha mambo yangu matano. Nilianza kuwaambia wageni hesabu ninayoitoa hadi leo, na Bwana Sefu haipendi hadi leo: Mjerumani alikaa humu miaka michache. Korosho zimekaa humu kuliko yeye. Popo wamekaa kuliko korosho. Watoto wa mama yangu wameshakaa kuliko Mwingereza. Sasa nyumba hii mnaiita ya nani? Wageni wengine walicheka, wengine waliandika. Mmoja alikasirika akasema alikuja kuona Ujerumani. Nikamwelekeza uwanja wa ndege.

Lakini Otto sikumgusa. Hili ndilo linaloniuma. Nilikuwa hodari wa kusema kweli za watu wengine, na uongo wangu mwenyewe nikauacha umelala pale dirishani. Mgeni akiuliza tuta, nilisema haraka "wanasema ni kaburi," kana kwamba hao wanaosema ni watu wengine.

Nao kweli walikuwa wamekuwa watu wengine. Habari ilitoka stendi, ikafika sokoni, ikafika msikitini. Mzee mmoja akaja kuliangalia tuta, akasimama, akatazama jua, akashika kidevu. Tuta limelala mashariki na magharibi. Ninyi mnajua, lakini huenda akasoma na asiyejua: kibla yetu huku iko kaskazini, na maiti hulazwa ubavu akiielekea, kwa hiyo makaburi yetu yote yamelala mashariki na magharibi, kama tuta lile. Mzee akasema, huyu hakufa kafiri. Kufika Ijumaa mji mzima ulikuwa umekubaliana kwamba Otto alisilimu, tena kwa siri, ndiyo maana Wajerumani wenziwe hawakumwandikia jina. Mama mmoja akaleta kipande cha bafta nyeupe, akalifunika. Mwingine akaleta ubani na maji ya waridi. Siku za Ijumaa wazee watatu wakawa wanapita kusoma Yasini. Katekista mmoja wa kutoka milimani, aliyekuja Kivinje kununua chumvi, akaingia akaangalia, akasema hata wao huzika mashariki na magharibi, kichwa magharibi, na huyu ni wao. Wakabishana kichwa kiko upande gani. Tuta la saruji, jamani, pande zote mbili sawasawa, na wazee wazima wanaulizana kichwa kiko wapi. Mimi nimesimama mlangoni na kofia yangu, nimekausha. Hapo ningeweza kusema. Sikusema.

Mwaka huu, kabla ya likizo ya Juni, Kamati ikakaa. Bwana Sefu si mtu mbaya, na sitamwandika vibaya kwa kuwa tu ananiona takataka. Ni mtu anayelipenda jumba, mwaka ambao upepo uliezua paa alipanda mwenyewe kupigilia bati. Akasema haifai watoto kurukia kaburi, wala kula uji juu ya maiti, na haya ni maneno ambayo hakuna mtu wa hapa atakayeyapinga. Kwa hiyo chekechea itoke. Likizo ikiisha wasirudi. Chumba kizungushiwe kamba, kiwekwe bango. Bango lilikuwa tayari kwa fundi rangi: KABURI LA MJERUMANI, na mshale.

Chekechea haikuwa na pa kwenda. Mama alikuwa ameanzia miaka hiyo kwenye kibanda cha makuti, mvua ikinyesha watoto wanarudishwa, na wakirudishwa mara tatu wazazi huacha kuwaleta, wanawapeleka kulinda ndege mashambani. Aliposikia uamuzi, alianza kukunja mikeka siku hiyo hiyo, wakati bado wiki mbili, akikunja mmoja anaukunjua tena watoto wakae, kisha anaukunja.

Nikamwambia usiku? Hapana, nilimwambia palepale, amepiga magoti juu ya mkeka. Nilisema hakuna kaburi, nilibuni mimi, kidato cha kwanza. Akanyanyua uso. Akauliza, "Na hili unalosema leo, ndilo la kweli?"

Nikasema ndilo. Akaitazama mikeka. "Basi sio mimi wa kuambiwa," akasema.

Nikamwendea Bwana Sefu dukani kwake. Nilimwambia yote, Otto, homa, upweke, maua. Alinisikiliza kwa upole mbaya sana.

"Bwana mdogo, ningekuwa wewe na mimi ningesema hivyo. Mama ni mama."

Nikasema simtetei mama, nakwambia kweli.

"Haya. Kama si kaburi, ni nini?"

"Sijui."

"Basi hujui," akasema, akarudi kwenye kupanga sabuni zake.

Ndugu zangu, kuna adhabu ya muongo ambayo walimu hawaitaji. Siyo kwamba huaminiwi. Ni kwamba uongo wako unaaminiwa, umepata wazee wa kuusomea dua, na wewe mwenyewe mwenye mali huna nafasi tena ya kuingia. Nilitoka pale nimekasirika, na hasira hiyo ndiyo iliyonifanyia kazi wiki mbili zile. Nilisema nitamtoa yule Mjerumani kama nilivyomwingiza.

Bi Somoe alipoambiwa alinipiga kofi la bega, si la mchezo, kisha akakaa akafikiri. Akasema wakati wa zahanati tuta halikuwepo, alilala chini pale akingoja mkunga, angelikumbuka kwa mgongo wake. Basi liliwekwa wakati wa korosho. Na aliyekuwa karani wa mizani wakati huo alikuwa kijana wa kutoka bara, mrefu, Mkristo, Damiani. Alisikia yuko Miteja, analima.

Miteja nilifika saa nne asubuhi, nikamkuta Mzee Damiani anapepeta ufuta. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kusimamisha ungo. Nikamweleza tangu mwanzo, maana nilikuwa nimeanza kuzoea kujisimulia. Nilipofika kwenye tuta la karibu na dirisha, ungo ukasimama.

"Mnaisomea Yasini mizani yangu?"

"Ijumaa kwa Ijumaa, mzee."

"Na ubani?"

"Na maji ya waridi."

Akacheka mpaka ufuta ukamwagika. Kisha akasema yeye alipoondoka pale hakupewa hata chai.

Ilikuwa mizani ya kusimama, ya magunia, chuma kitupu, imefungwa kwa bolti nne juu ya tuta la saruji ili isitikisike. Waliilaza mashariki na magharibi kwa sababu dirisha liko pale na karani anataka mwanga wa kusoma namba. Ushirika ulipofungwa, mizani ilichukuliwa, bolti zikakatwa kwa msumeno wa chuma, juu pakapakwa lipu. Basi. Hilo ndilo kaburi.

Nilikaa naye mpaka alasiri, na saa hizo chache zimenifundisha kuliko miaka yangu mitatu. Alinieleza kwamba kila asubuhi, kabla ya gunia la kwanza, alipanda yeye mwenyewe juu ya mizani. Uzito wake alikuwa anaujua. Mizani ikisema vingine, alifunga dirisha na wakulima wakasubiri mpaka irekebishwe, hata bwana ghala apige kelele vipi. Nikamuuliza kwa nini asipime kwa jiwe. Akasema jiwe halioni haya. Alinieleza pia kwamba kizingiti cha mlango wa kaskazini kimelika katikati kwa miguu ya wapagazi, si ya Mjerumani, na mistari ya mkaa ukutani ambayo mimi nilikuwa nawaambia wageni ni uchafu ni hesabu ya magunia. Msiifute. Nawaandikia tena: msiifute.

Nikamwomba aje. Akasema goti. Nikasema kuna watoto ishirini na sita. Akasema siku gani.

Alikuja Jumatano, watoto wakiwa wanakunywa uji. Nilikuwa nimemwita Bwana Sefu na Kamati, na kwa kuwa hapa mji mdogo, kuwaita wanne ni kuwaita arobaini. Wazee wa Yasini walikuwepo. Bi Somoe alikuja na kigoda chake. Mama alikuwa mwisho wa chumba, amewasogeza watoto ukutani. Mzee Damiani akaingia, akasimama mbele ya tuta lililofunikwa bafta, na mimi moyoni nikasema imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Macho yake si ya zamani. Sakafu ilikuwa imeongezwa tabaka, dirisha moja limezibwa, na ile niru ilikuwa imeficha kila kitu. Akazunguka, akapapasa, akasema, "Nadhani ndiyo hii."

Nadhani. Sauti zikaanza.

Bwana Sefu akanyanyua mkono, wakatulia. Akasema kwa heshima kabisa, "Mzee mwenzangu, hatukudharau. Lakini mmoja akisema pana maiti na mwingine akisema nadhani hapana, haiwezekani kufukua ili kujua. Ukimkuta, umeshamvunjia heshima."

Nawaambieni ukweli, lilikuwa neno zuri. Hata mimi nilikubali kwa kichwa. Wazee wakaitikia ndivyo. Mmoja akaniambia niombe toba nikae chini. Bwana Sefu akamgeukia mama akamwambia Mwalimu, tusaidie, wanyanyue watoto taratibu.

Tindo na nyundo nilikuwa nimeviweka kwenye begi la shule, chini ya daftari la jiografia. Nilivitoa. Nikaondoa bafta, nikaikunja vizuri, maana mwenyewe aliileta kwa nia njema, nikampa Bi Somoe. Kisha nikapanda juu ya tuta na viatu vyangu vya shule nikasimama.

Hapa kwetu hata mwendawazimu hasimami juu ya kaburi. Mzee mmoja akasema astaghafirullah polepole. Bwana Sefu akapiga hatua. Nikasema, "Huyu maiti ni wangu. Nilimleta mimi, nikampa jina mimi. Kama yumo humu, laana ni yangu peke yangu, mtanizika pembeni yake. Kama hayumo, watoto wasitoke."

Bwana Sefu akamwambia mama, "Mwalimu, mteremshe mwanao."

Mama akasema, "Mwacheni agonge."

Kona ya kwanza, lipu ikatoka, chini yake saruji. Hakuna kitu. Kona ya pili, hivyohivyo. Nikasikia mtu anacheka kwa pua. Mzee Damiani akasema kutoka nyuma, sasa kwa sauti nyingine, ya kikarani, "Usigonge pembeni, kijana. Ingia ndani shibiri moja."

Nikapima kwa kiganja. Nikagonga. Ikatoka lipu, ikatoka niru juu ya niru, nyeupe, kijivu, nyeupe, kisha vumbi jekundu. Kutu. Katikati ya kutu duara la chuma, limekatwa kwa msumeno, meno ya msumeno bado yanaonekana. Nikahamia kona nyingine, shibiri moja ndani. Chuma. Ya tatu. Ya nne sikugonga mimi, Bwana Sefu alikuwa ameshapiga magoti, akachukua nyundo mkononi mwangu akagonga mwenyewe. Chuma.

Hakuna aliyeshangilia. Watu waliona haya, na haya za watu wengi pamoja ni kitu kizito. Mzee wa kwanza wa Yasini alisema zile dua hazikupotea, zitamfikia anayestahiki, na wenziwe wakashukuru kwa kupata la kusema. Mzee Damiani akaomba ashikwe mkono. Tukampandisha juu ya tuta. Akasimama katikati ya zile bolti nne, mgongo ukanyooka, akatazama mbele yake kwenye ukuta mahali ambapo zamani palikuwa na namba. Akasema, "Nimepungua." Hapo ndipo watoto walipocheka, na wakubwa wakapata ruhusa.

Kamati ilikaa barazani robo saa. Chekechea ikabaki. Mimi nikaondolewa, kwa sababu, Bwana Sefu alisema, mlinzi wa historia hawezi kuwa mtu anayezika watu hovyo. Nilimwambia nimekubali, ila nastaafu, na kwamba bango likiandikwa upya lianze na waliobeba mawe. Akasema hilo si langu tena. Nikasema ni langu mpaka nife. Sasa hivi fundi rangi amefuta maneno, mapya hayajapatikana, na mshale umebaki peke yake ukielekeza chumba cha watoto. Mimi naona umeandikwa vizuri kuliko ulivyokuwa.

Yule mama wa Kizungu bado hajui. Nimeandika barua mara tatu kwa Kiingereza changu na zote zinamfanya Otto aonekane mtu wa kweli. Nitaandika ya nne. Ninyi, akija mgeni kuuliza tuta, mwonyesheni bolti, mtajieni Mzee Damiani, na mwambieni nani alidanganya. Msinifiche. Jina langu ni Hemedi, mwana wa Mwalimu Zuhura, nilifanya kazi hapa miaka mitatu, na nilipokosea nilikosea na viatu miguuni.

Watu walipokwisha kutoka siku ile, nilibaki nafagia lipu. Mama alikuwa anakusanya vikombe. Nilingoja aseme amefurahi, au anipige, lolote kati ya hayo nilikuwa nimejiandaa nalo. Alikuja mpaka karibu na tuta, akavishikilia vikombe kifuani, akasema:

"Leo nimesimama upande wako mbele za watu, nikiwa sijui ni lipi la uongo kati ya maneno yako mawili. Usinisimamishe hapo tena. Haya, kachote maji, watoto hawajanawa."